Dubu Asiyeongea na Sufuria la Uji

Shikamooni wazee, na wenzangu habari za jioni. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka sokoni Mwaloni moja kwa moja hata nyumbani hamjapita.

Leo naongelea katuni. Ile ya Masha na Dubu, ya Warusi, watoto wetu huku Mwanza, Kirumba mpaka Igoma, wanaiangalia kwenye simu za mama zao mpaka bando linakata. Ilianza 2009, na kuna episodi moja, ya 17, iliwekwa YouTube 2012, na huko imeshaangaliwa zaidi ya mara bilioni 4. Bilioni jamani! Na kisa chenyewe ni uji tu.

Iko hivi. Dubu ni mstaafu wa sarakasi, anataka akae kwake kwa amani, akili yote iko kwenye drafti. Masha, kale katoto kasikotulia, kanaingia jikoni kupika kenyewe. Uji wao ni ule mzito wa nafaka, wa kula kwa kijiko, sio huu wetu wa kikombe, na yeyote aliyewahi kubandika mchele mwingi kwenye sufuria dogo anajua kinachofuata, punje zinanyonya maji zinavimba, povu linapanda, mfuniko unanyanyuka. Basi uji ukafurika, ukamshinda, ikabidi awalishe wanyama wa msituni watake wasitake.

Sasa muangalieni Dubu. Haongei! Anaguna, anashika kichwa, anakunja uso, neno la binadamu hatoi hata moja. Ndo maana mtoto wa Nyegezi asiyejua Kirusi, Kiingereza bado, na nyumbani na bibi yake ni Kisukuma, anaelewa kila kitu.

Wengi tunampa mtoto simu ili tupate nafasi ya kupika, siwalaumu, kazi ni nyingi. Ila mtoto kashaona kisa kizima, maneno ya kukisimulia anayo, na hamna anayemuuliza. Kuna mtoto wa jirani, miaka minne, nilimkalisha nikazima sauti nikamwambia haya niambie, Dubu hapo anasemaje? Akatulia kidogo, akasema, "We Masha, nani kakwambia ubandike sufuria? Ngoja mama yako arudi!" Afu akaendelea mwenyewe, sungura akampa sauti yake, mwisho akaingiza na fisi, ambaye kwenye episodi hayumo kabisa, katoka naye kwenye hadithi za bibi. Nilifurahi mpaka basi. Huyo ameshaanza kutunga.

Kwahiyo wazazi wenzangu, msiwaulize umejifunza nini, hilo linawafunga mdomo. Muulize hapo anawaza nini, kwanini kakunja uso. Kikija Kisukuma acha kije, usimkatize.

Jumamosi tunawasha projekta hapahapa, njooni na watoto, na bibi akiweza aje. Sauti tutazima, wataongea wao.