Timu Iliyohama Ikaacha Jina Nyuma

Haya wadau, tuanze. Leo naongelea Seattle SuperSonics, au Sonics, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani iliyohamishwa kutoka mji wa Seattle, na nawaambia mapema kabisa kwamba kwenye hii ishu mimi nina upande, kwa hiyo mtanivumilia.

Timu ilianza 1967. Jina walilitoa kwenye ile ndege ya kasi kuliko sauti ambayo Boeing walikuwa wanaichora palepale Seattle, halafu mradi wenyewe ukafutwa 1971, yaani timu ikabaki na jina la ndege ambayo haijawahi kuruka hata siku moja.

Mwaka huohuo wa 1971 wakashinda kesi kubwa. NBA, ile ligi kuu ya kikapu Marekani, ilikuwa na sheria kwamba mchezaji haruhusiwi mpaka ipite miaka minne tangu amalize sekondari, Sonics wakamsajili Spencer Haywood hivyohivyo, ligi ikagoma, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani na Haywood akaachwa acheze. Hawa vijana mnaowaona wanaingia NBA bila kumaliza chuo, wamshukuru huyo.

Sasa ninapopapenda mimi ni hapa. Msimu wa 1977-78 walianza vibaya balaa, wameshinda 5 wamefungwa 17, kocha akatimuliwa, kazi akapewa Lenny Wilkens, na wachezaji walewale wakaenda hadi fainali kucheza na Washington Bullets. Mechi ya saba, tena nyumbani, Dennis Johnson akarusha mara 14 na hakuingiza hata moja. Kumi na nne jamani! Wakalala. Mwaka uliofuata, 1979, fainali ni Bullets tena, safari hii Sonics wanachukua kombe 4-1, na mchezaji bora wa fainali ni nani? Ni Dennis Johnson huyohuyo. Mtu mwingine angeshaacha mpira.

Miaka ya 90 ni ya Gary Payton na Shawn Kemp, wengi mnaijua, sitakaa sana. 1994 walishinda mechi 63, wakatolewa raundi ya kwanza ya mtoano na Denver walioingia wakiwa wa nane, yaani wa mwisho upande wao, kitu ambacho kilikuwa hakijawahi kutokea, na ile picha ya Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, amelala chini kaukumbatia mpira anacheka, ndiyo ilitoka siku hiyo. 1996 wakafika fainali wakakutana na Chicago ya Jordan. Basi, mnajua kilichotokea, wakafungwa.

Tuje kwenye maumivu. 2006 mwenye timu, Howard Schultz wa Starbucks, akaiuza dola milioni 350 kwa matajiri wa Oklahoma City wakiongozwa na Clay Bennett. Bennett akasema atajitahidi ipatikane arena mpya hukohuko Seattle. Mwaka uliofuata mwenzake mmoja, Aubrey McClendon, akaropoka gazetini kwamba hawakuinunua ili ibaki Seattle, ligi ikampiga faini ya dola 250,000, lakini si ndo keshasema? Na Oklahoma City ilikuwa imeshaonjeshwa, maana baada ya kimbunga Katrina timu ya New Orleans ilihamia kwao kwa muda na watu wakajaa kwelikweli.

Mechi ya mwisho nyumbani ilikuwa tarehe 13 Aprili 2008, wanaifunga Dallas 99-95, dogo Kevin Durant yupo uwanjani, ndo msimu wake wa kwanza, na mashabiki wanapiga kelele timu isiondoke. Jiji lilikuwa limewashtaki wenye timu ili wasihame, Julai likamaliza kesi kwa kulipwa dola milioni 45, timu ikahamia Oklahoma City na kuitwa Thunder, jina na rangi za Sonics vikabaki Seattle.

Kitu watu hawakisemi sana ni kwamba Bennett na wenzake walipoinunua Sonics walipata na timu ya wanawake, Storm. Kina mama wanne wa Seattle wakaenda kuinunua kwa dola milioni 10 kabla haijabebwa nayo. Tangu hapo Storm wamechukua ubingwa 2010, 2018 na 2020. Kwangu mimi hiyo ndiyo biashara bora kuliko zote kwenye hii stori.

2025 Oklahoma City Thunder wakachukua ubingwa, wakiwafunga Indiana 4-3. Ukisoma rekodi za ligi wanakuambia hilo ni taji la pili la timu, la kwanza ni la 1979. Kombe lenyewe la 1979 liko makumbusho, Seattle.