Lango Lisilo na Ukuta: Kageye Kabla ya Mwanza

Mwadila! Naona wazee wameitikia, vijana wanacheka tu. Haya, wazee shikamooni, na ninyi vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie lango la kale la jiji. Aliyenipigia simu nilimuuliza: lango gani tena? Zanzibar wana milango yao ya nakshi. Sisi Mwanza tuna mawe. Hatukujenga ukuta, na pasipo ukuta mtu huingilia popote. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka Kageye, mahali ambapo misafara ya pwani ililifikia ziwa.

Wangapi mmefika Kageye? Mikono mitatu. Na mmoja wenu ana shamba huko, hahesabiki. Mgeni akija tunampeleka Jiwe la Bismarck, anapiga picha, tunamlisha sato, basi, ameiona Mwanza.

Kageye iko ufukweni mwa Ghuba ya Speke, kwenye Ziwa Victoria. Nilipanda daladala mpaka Kayenze, kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuta dagaa wameanikwa na vijana wanashona nyavu. Mzee mmoja akatuuliza, mimi na mwenzangu, kama tumekuja kununua dagaa.

Nikasimama pale kwenye mchanga nikijaribu kuiona siku ya 27 Februari 1875. Ndiyo siku aliyoingia Henry Morton Stanley, yule mpelelezi Mzungu, akitokea Bagamoyo alikoondoka tarehe 17 Novemba 1874. Siku 103 kwa miguu. Msafara ulianza na watu zaidi ya 300. Waliofika naye ni Wazungu wawili pamoja na wangwana, yaani watu huru wa pwani, na wapagazi, jumla yao 166. Wengine walitoroka, wengine wamelala njiani. Na mzigo wao mmojawapo mnaujua? Mashua. Iliitwa Lady Alice, urefu wake kama mita 12, imeundwa Uingereza kwa vipande vya kufungua na kuunganisha, na vipande hivyo vikapandishwa na wanadamu kutoka pwani hadi hapa kwetu. Vitabu vinasema Stanley alileta mashua ziwani. Mimi nasema ililetwa na mabega ya watu.

Tarehe 8 Machi ikashushwa majini. Alipoomba watu wa kujitolea kupiga makasia, kimya. Ikabidi wachaguliwe. Siwalaumu hata kidogo. Umetembea siku mia na ushee, miguu imevimba, halafu mtu anakwambia sasa tulizunguke ziwa lisiloonekana ng'ambo!

Ila asiwadanganye mtu kwamba Stanley ndiye aliyelifungua lango hili. Alimkuta Songoro pale, mfanyabiashara kutoka pwani, ameshapiga kambi na anaunda jahazi lake. Kiswahili hiki ninachowasemesha kilikuwa kimeshafika, kimekuja na misafara. Hapa sitaki tujisifu sana, maana misafara hiyo ilikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lango huingiza na hutoa. Waliotolewa hapo wakiwa kwenye minyororo hatuna majina yao, wakati majina ya Wazungu waliokufia pale yameandikwa vizuri: Frederick Barker, aliyefariki 1875 wakati Stanley bado yuko ziwani, na Daktari John Smith wa Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Uingereza, mwaka 1877. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe Desemba mwaka huo huo pamoja na Songoro, katika ugomvi uliotokana na chombo ambacho Songoro aliwauzia. Mashua tena! Lango hili lilikula watu kwa ajili ya mashua.

Kwa nini basi likasahaulika? Wajerumani waliweka boma lao Mwanza. Mwaka 1901 reli ya Waingereza ikafika Kisumu, mizigo ya ziwa ikapata njia ya kwenda Mombasa, na mpagazi wa Bagamoyo akakosa kazi. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika hapa mjini. Hakuna aliyeifunga Kageye. Watu waliacha tu kupita.

Msidhani hayo ni ya zamani. Mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na mimi nimelifurahia kama ninyi. Lakini mnawakumbuka akina mama waliokuwa wakituuzia mahindi ya kuchoma tukiwa kwenye foleni ya kivuko, saa nzima, mbili, jua la utosi? Foleni ile ndiyo ilikuwa soko lao. Nani amewapiga picha? Nauliza kwa dhati, kwa sababu kuna vijana hapa wenye simu nzuri kuliko yangu.

Sasa yule mzee. Nilimjibu kwamba hatukuja kununua dagaa, tumekuja kuangalia mahali mashua ya Stanley iliposhushwa. Akatutazama, akageukia ziwani, akanyoosha mkono kuelekea ufukwe wote, toka mwisho hadi mwisho. "Ni hapo hapo," akasema. "Na dagaa ni hawa hapa."

Tulinunua ndoo moja.