Familia Changa na Saratani ya Ubongo: Kazi ya Imani, Kazi ya Jirani

Waheshimiwa viongozi wa dini, wazazi wetu, ndugu na marafiki wote mliofika, ninawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa saratani, na mada niliyoombwa kuizungumzia leo inahusu familia ambazo ndiyo kwanza zinaanza maisha: mume na mke ambao ndoa yao bado ni changa, mtoto mmoja ameanza shule na mwingine bado ananyonya, halafu katikati yao inaingia saratani ya ubongo. Familia hizi huja hospitalini na imani yao, nami sijawahi kuona sababu ya kuwaambia waiache nyumbani. Ninachotaka kusema jioni hii ni kwamba imani huwabeba kweli pale inapowaruhusu kuutamka ukweli wa yale yanayowapata, na kwamba sisi tunaowazunguka ndio mara nyingi tunaowapa au kuwanyima ruhusa hiyo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Uvimbe unaoanzia ndani ya ubongo hupangwa kwa madaraja, kuanzia la 1, ambalo si kali, hadi la 4, ambalo ni kali kuliko yote. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2021, aina nyingi hazitambuliwi tena kwa kuangalia sura ya seli kwenye darubini peke yake, bali pia kwa kupima vinasaba vyake. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vijana, kwa sababu glioblastoma, ile aina ya daraja la 4 ambayo wengi wameisikia, huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, ilhali kwa watu wazima walio vijana huonekana zaidi uvimbe wenye badiliko la kinasaba kiitwacho IDH, ambao kwa kawaida hukua polepole zaidi na mgonjwa huweza kuishi nao kwa miaka. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha vidonge vya vorasidenibu kwa ajili ya baadhi ya uvimbe wa aina hiyo wa daraja la 2. Kwa hiyo ninawasihi: mkisikia kijana fulani ana saratani ya ubongo, msianze kumhesabia miezi. Hamjui ana uvimbe gani, na pengine hata yeye bado anasubiri majibu ya maabara.

Tiba yenyewe, kwa aina zilizo kali, kwa kawaida huanza na upasuaji wa kuondoa kiasi kinachoweza kuondolewa bila kuharibu uwezo wa kusema au kutembea. Baada ya wiki chache hufuata mionzi, mara nyingi siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomidi, dawa ya kuua seli za saratani, kila siku, na baadaye vidonge hivyo huendelea kwa mizunguko, siku tano katika kila siku ishirini na nane, kwa miezi kadhaa. Ukiyasoma hayo katika karatasi unaona ratiba. Ukiwa mke wa mgonjwa, mwenye mtoto mgongoni, unaona safari za hospitalini zisizokwisha, na kila safari inahitaji mtu wa kumpokea mtoto mkubwa shuleni.

Niwaeleze kitu kimoja ambacho watu wa nje hawakioni. Kabla ya mionzi kuanza, mgonjwa hutengenezewa kinyago. Bapa la plastiki lenye matundu madogo hulainishwa kwenye maji ya moto, likanyoshwa juu ya uso wake, na ndani ya dakika chache linakuwa gumu na kushika umbo la paji la uso, pua na kidevu. Kila siku ya tiba, kinyago hicho hufungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata kidogo. Hakiumizi, lakini kinabana, na mtu anayeogopa mahali pa kufungiwa hupata taabu kubwa. Mgonjwa mmoja, baba wa watoto wawili, alikuwa akirudi nyumbani na alama za matundu zimejichora mashavuni, na binti yake wa miaka mitano alizoea kuzigusa kwa kidole na kumuuliza kama leo mashine ilimuuma. Baba huyo alinieleza kwamba ndani ya kinyago alisali sala ileile fupi aliyofundishwa utotoni, akairudia mpaka mashine ilipozima. Hiyo ndiyo imani ninayoizungumzia. Haikuwa imani ya kumtoa mezani, ilikuwa imani ya kumweka pale mezani akatulia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo familia nyingi huliona aibu kulitaja. Ubongo ndio makao ya tabia. Uvimbe ulio upande wa mbele wa ubongo unaweza kumfanya mtu mpole awe mkali, au mtu mchangamfu akae kimya asijali chochote. Dawa nazo huongezea. Deksamethasoni, inayopunguza uvimbe wa maji kuzunguka saratani, huondoa usingizi, huleta njaa isiyoshiba, huufanya uso uvimbe na hasira iwe karibu. Na baadhi ya dawa za kuzuia kifafa huleta wepesi wa kukasirika. Mke wa baba niliyemtaja aliniambia, akiangalia sakafu, kwamba mumewe alirusha kikombe ukutani kwa sababu mtoto alikuwa akiimba. Halafu akaongeza kwa haraka kwamba hapaswi kulalamika, kwa kuwa mwenzake ndiye anayeumwa, na kwamba kule anakosali wamemwambia amshukuru Mungu kwa kila jambo.

Ndugu zangu, mwanamke yule alikuwa anaomboleza mume aliye hai, na hakuwa na mahali pa kusemea. Shukrani ni jambo tukufu, lakini tukiitumia kumziba mtu mdomo tunamwongezea mzigo. Tulipomshauri amweleze daktari kuhusu kile kikombe, kiwango cha dawa kilipitiwa upya, saa ya kuimeza ikahamishiwa asubuhi, na usingizi ukarudi kwa kiasi. Kama angeendelea kunyamaza kwa jina la uvumilivu, hakuna ambaye angejua. Ayubu mwenyewe, anayeheshimiwa na Wakristo na Waislamu kwa subira yake, kwa masimulizi ya Biblia hakunyamaza: alilia, akailaani siku aliyozaliwa, na marafiki zake walimfaa zaidi katika zile siku saba walizoketi naye bila kusema neno kuliko walipoanza kumtafutia kosa lake.

Kutafuta kosa ndiko kunakoumiza kuliko maumivu mengine. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna sababu inayojulikana ya saratani ya ubongo kuanza. Haiambukizwi, na kwa sehemu kubwa hairithiwi. Anayemwambia mgonjwa kwamba angepona kama imani yake ingekuwa kubwa zaidi anamtwisha hatia mtu ambaye tayari hana nguvu za kubeba hata sahani. Na anayemwambia aache vidonge ili aonyeshe kwamba anamtegemea Mungu anamweka kwenye hatari ya kweli: dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta kifafa kikali, na deksamethasoni iliyotumika kwa wiki nyingi ikiachwa ghafla huuangusha mwili. Waislamu wamefundishwa na Mtume wao kutafuta tiba, na Wakristo wanamkumbuka Luka, anayetajwa katika maandiko yao kuwa tabibu. Sioni ugomvi kati ya sala na kidonge.

Na kwa kuwa wengi wenu mnaongoza ibada, tafadhali lishikeni hili. Mgonjwa akipata kifafa katikati ya ibada, asidhaniwe amepagawa. Mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimshike kwa nguvu, msimtie chochote mdomoni, na angalieni saa. Kikipita dakika tano, iteni msaada wa dharura mara moja.

Watoto nao husikia zaidi ya tunavyodhani. Mtoto mdogo asipoelezwa hujitungia maelezo, na mara nyingi maelezo hayo humfanya yeye kuwa mkosaji: baba anaumwa kwa sababu nilipiga kelele. Aambiwe kwa maneno mafupi kwamba baba ana ugonjwa kichwani unaoitwa saratani, kwamba hakuna aliyeusababisha, kwamba hasira za baba zinatokana na ugonjwa na dawa, na nani atamchukua shuleni kesho. Swali hilo la mwisho ndilo mara nyingi linalomnyima usingizi.

Kuna jambo la uzazi pia, ambalo kwa wanandoa vijana halipaswi kusahaulika. Temozolomidi inaweza kudhuru uwezo wa kuzaa, na mimba isitungwe wakati wa tiba. Panapopatikana huduma ya kuhifadhi mbegu au mayai, mazungumzo yafanyike kabla ya kidonge cha kwanza. Kama daktari hakulitaja, ulizeni ninyi.

Upande wa msaada, naomba tuache kusema "mkihitaji chochote mtuambie." Mtu aliyechoka hawezi kupanga kazi za wengine. Semeni: mimi Jumanne nitampeleka hospitalini, mimi nitawaogesha watoto jioni, mimi nitakaa naye ili mkewe alale kwa muda wa saa tatu. Aliyepata kifafa kwa kawaida huzuiwa kuendesha gari kwa muda, kwa hiyo dereva ni msaada mkubwa. Na msimalize nguvu zote mwezi wa kwanza. Uchovu wa mionzi huendelea kwa wiki nyingi baada ya tiba kwisha, wakati ambapo wageni wameshaacha kuja. Kisha huja picha za MRI kila baada ya miezi michache, na zile siku za kusubiri majibu. Katika miezi ya mwanzo baada ya mionzi, picha inaweza kuonyesha hali iliyozidi kuwa mbaya kumbe ni athari ya tiba yenyewe, na madaktari hulazimika kusubiri picha nyingine ili wajue. Familia iliyo kwenye kungoja huko haihitaji utabiri wetu, inahitaji mtu wa kukaa nayo.

Kuhusu takwimu, nitataja moja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa glioblastoma waliopata mionzi pekee, takriban 1 kati ya 10 alikuwa hai baada ya miaka miwili. Waliopata mionzi pamoja na temozolomidi walikuwa zaidi ya 1 kati ya 4. Hesabu hiyo inasema habari za kundi, haisemi fulani atakuwa upande gani. Wapo wanaotaka kuijua na wapo wasiotaka, na wote wana haki.

Mwisho, familia huniuliza ni lini waombe huduma shufaa, na huuliza kwa sauti ya chini kana kwamba wanatoa taarifa ya msiba. Iombeni mapema, tiba ikiwa bado inaendelea. Wahudumu wake hutuliza maumivu, kichefuchefu na hofu, humsaidia mke au mume kupumua, na hukaa na mgonjwa wakati bado ana maneno, ili aseme mwenyewe nani awalee watoto, matibabu gani anayataka na yapi hayataki, na angependa kuzungukwa na nani. Saratani ya ubongo inaweza kumnyang'anya mtu lugha kabla ya kumnyang'anya kitu kingine chochote, kwa hiyo mazungumzo hayo yafanyike angali anaweza kuyaongoza, na kiongozi wake wa dini, kama mwenyewe anapenda, awepo chumbani tangu siku hiyo ya kwanza.