Zamu ya Usiku: Mjomba wa Begi

CHARO: Karibuni Zamu ya Usiku, kipindi chetu wauguzi hapa Mombasa. Mimi Charo, huyu ni Da Mwana, na mkisikia sauti yake imekwaruza mjue hajalala tangu jana.

MWANA: Sijalala na leo sitaki mzaha. Nimekuja na karatasi yangu. Mwaka 2000 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilieleza haki ya afya ina mambo manne: huduma iwepo, ifikike, ikubalike kwa wanaohudumiwa, na iwe bora. Leo twayachambua moja moja. Wanafunzi wa uuguzi, toeni madaftari.

CHARO: Kabla ya madaftari, sema yaliyokupata wadini. Ulinipigia simu usiku wa manane ukihema.

MWANA: Hilo nalo laingia jambo la tatu, la kukubalika. Haya. Nimegeuza mambo kadhaa ili mgonjwa asijulikane. Bi mkubwa, rika la mamangu, ana saratani ya shingo ya kizazi na imeshasambaa. Wanawe wamemwambia ni uvimbe tu. Sasa nafungua faili, nakuta karatasi imebandikwa: "Mgonjwa asiambiwe." Haina sahihi wala tarehe.

CHARO: Na ameibandika nani?

MWANA: Wamjua.

CHARO: (anacheka) Usiniambie. Mjomba wa begi!

MWANA: Mjomba wa begi, wallahi.

CHARO: Kwa wageni wetu: kila familia inaye. Mgonjwa amelala wiki tatu, dada zake wamlisha uji, wamgeuza, walala chini kwenye kanga. Ijumaa jioni mjomba yuashuka treni kutoka Nairobi, begi la laptopu begani, laptopu hamna. Yuasimama miguuni pa kitanda, salamu hakuna. "Nani mkubwa hapa?"

MWANA: Na dada wote kimya, maana bili yeye ndiye mwenye kulipa.

CHARO: Mimi mmoja alinijia nikipima presha ya babake. Akanambia mashine hii mbovu, nipime mimi kwanza tuone. Nikampima. 190 kwa 110. Nikamwambia mjomba, weka begi chini, kitanda cha pili kiko wazi.

MWANA: (anacheka) Muongo wewe!

CHARO: Alilala siku mbili! Baba akatoka, mjomba akabaki. Na msikilizaji wetu wa Malindi alituletea sauti, yasema mjomba wao alikuja na maswali yamechapwa, yote ya ugonjwa wa figo. Mgonjwa amevunjika nyonga.

MWANA: Charo, nikwambie ukweli? Kwenu Kaloleni mjomba wa begi ni wewe.

CHARO: Mimi? Mimi sina begi, nina mkoba.

MWANA: Babako mdogo alipolazwa, nani aliingia na koti jeupe siku yake ya mapumziko?

CHARO: Lile koti nilikuwa nalipeleka kufuliwa.

MWANA: Hospitalini?

CHARO: Endelea na bi mkubwa, dada.

MWANA: Haya. Saa tisa usiku namgeuza, macho makavu, hajalala. Akanishika mkono: "Mwanangu, hawa watoto wakitoka nje walilia nini?" Sasa mimi si wa kutoa majibu ya biopsi, kile kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe, hiyo ni kazi ya daktari. Nikamuuliza, bibi, ungependa daktari aje akueleze? Ungependa nani awe nawe? Akasema mwite daktari, na binti yangu mdogo aje, yule mwingine abaki nje. Daktari wa zamu, kijana wa Kisii, hata mwaka hajamaliza hapa pwani, alikuja akavuta kiti akakaa. Hakusimama. Akamuuliza kwanza, bibi, wewe umeambiwa nini mpaka sasa? Akaenda naye polepole mpaka mwisho.

CHARO: Na asubuhi?

MWANA: Asubuhi mjomba yuataka jina langu na nambari yangu ya leseni. Ati nimevunja mila za watu. Mimi! Mzaliwa wa Mji wa Kale nafunzwa mila na mtu wa treni.

CHARO: Hapo sasa, Da Mwana, mimi siko nawe.

MWANA: Najua. Simu yenyewe ulinikatia.

CHARO: Mtandao ulikata. Lakini nasema hivi: mjomba tumcheke, ana makosa yake. Wale mabinti je? Wewe saa moja na nusu umetoka zamu. Aliyebaki kumshika mamake akilia ni binti, na binti hakujiandaa. Kwetu habari nzito haimwagwi na mgeni usiku. Huitwa wazee, hukaa, huletwa kidogo kidogo. Si kuficha, ni mpango.

MWANA: Mpango wa wiki tatu? Wakingoja nini?

CHARO: Wakingoja wawe tayari.

MWANA: Wao! Na yeye? Sikiliza, asubuhi ile kabla sijatoka, bi mkubwa aliniomba kalamu. Ana dhahabu ya dadake aliwekeshwa tangu zamani, ataka irudi. Kuna kiwanja ataka theluthi yake iende madrasani. Kuna jirani wamenuniana, ataka waitane wapeane radhi. Dini yake yamtaka alipe deni na aandike wasia akili yake ikiwa nzima. Mjomba amesimama kwenye ukumbi yuanambia mila, kumbe mila yote i ndani kitandani, imefungiwa mlango.

CHARO: Hiyo ya wasia nakupa.

MWANA: Basi.

CHARO: Si basi. Nakupa ya wasia, sikupi ya saa tisa usiku. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 kifungu cha 8 wakijua, mgonjwa aelezwe hali yake, isipokuwa pana ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza hakuna maslahi kwake. Nafasi hiyo waliiacha kwa sababu.

MWANA: Ushahidi wa kutosha, Charo. Karatasi isiyo na sahihi ni ushahidi? Na kifungu hicho hicho chasema aelezwe kwa lugha anayoielewa. Yeye. Hakikutaja mjomba.

CHARO: Pia Azimio la Lisbon la chama cha madaktari wa ulimwengu, la 1981, tangu liliporekebishwa 1995 lampa mgonjwa haki ya kutojua.

MWANA: Akiomba mwenyewe waziwazi! Tena lampa haki ya kumchagua wa kuambiwa kwa niaba yake. Bi mkubwa amechagua. Binti mdogo.

CHARO: Da Mwana, tuseme kweli. Wewe umemuona lini bi mkubwa wa pwani akimwambia daktari, "Naomba nisiambiwe"? Hawasemi. Hunyamaza, huangalia dirishani, na huko kunyamaza ndiko kuomba kwenyewe. Sisi wa wadini lazima tukusome huko kunyamaza.

MWANA: Huyu hakunyamaza. Aliuliza.

CHARO: Aliuliza watoto walilia nini. Hakuuliza ana nini.

MWANA: ...Aa, Charo.

CHARO: Yawezekana alitaka kusikia wanampenda, basi. Wewe ukamletea daktari. Saa tisa usiku, peke yake, muuguzi amemuinamia, angesema hapana vipi?

MWANA: Nilimuuliza mara mbili. Na yule daktari akamuuliza tena. Mtu mzima aliyezaa saba, ameshazika mume, wewe wamuona hawezi kusema hapana?

CHARO: Mimi nimemuona mzee aliyeelezwa kwa ufasaha wote huo akageukia ukuta. Hakula tena. Hakufa na saratani yule, alikufa na habari.

MWANA: Na mimi nimewaona waliokufa wakidhani wamelogwa, jirani akasingiziwa, kwa sababu hakuna aliyewatajia ugonjwa. Hapa pwani mzee akisingiziwa uchawi auawa, Charo. Kilifi wajua wewe kuliko mimi.

CHARO: Najua. Hilo najua.

MWANA: Basi kimya si bure.

CHARO: Sikusema bure. Nasema ungewaita mabinti kwanza.

MWANA: Ningewaita, wangempigia mjomba.

CHARO: Ungewaita.

MWANA: Wangempigia.

(kimya)

CHARO: Vijana wa taarabu washabisha hodi, wataka chumba chao. Tumebakiwa na dakika tatu.

MWANA: Na karatasi yangu! Sijafika hata jambo la kwanza.

CHARO: Chagua moja.

MWANA: Haiwezekani, yafungamana. Basi wauguzi sikieni haya mbio mbio. Mgonjwa asiyejua ana saratani huikataa mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, aiogopa, na jamaa wanaficha chupa. Uganda tangu 2004 muuguzi aliyesomea huduma ya hospisi, ya kuwatuliza wasiotarajiwa kupona, aruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini. Hapa kwetu tuifikirie. La pili, huu ugonjwa ukiitwa uvimbe kila nyumba, wanawake hawaji kupimwa. Kipimo cha siki, cha kupaka shingo ya kizazi, ni dakika chache. Na wasichana wa kuanzia miaka 10 wana chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, ilizinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019.

CHARO: Na mambo manne?

MWANA: Wiki ijayo.

CHARO: Wiki ijayo niko zamu.

MWANA: Badilishana na mtu.

CHARO: Nibadilishane na nani, wote wanajua nikiomba ni kwa ajili ya kipindi. Halafu mabinti ungewaita.

MWANA: Charo, kinanda cha watu kiko mlangoni.

CHARO: Waingie. Kwaherini.