Nani Anakalia Kiti? Walowezi, Nafasi Zetu na Mshikamano

(Mhadhara uliotolewa Nakuru mbele ya wanafunzi, vibarua wa mashambani na wanachama wa vyama vya wafanyakazi)

Makomredi, wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie ukoloni wa walowezi. Kwa mtu wa Nakuru mada hii iko mlangoni. Toka hapa uende Njoro, rudi upitie Elmenteita, utakuwa unakanyaga ardhi aliyojitwalia Lord Delamere, kinara wa walowezi wa Kizungu, na wenzake enzi ambazo Wamaasai walihamishwa Bonde la Ufa kwa ule mkataba wa 1904. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa masetla, yaani walowezi hao, hati za miaka 99. Wakalalamika kwamba ni michache. Ile ya 1915 ikawapa miaka 999. Hebu pigeni hesabu: hati ya mwaka huo ingekwisha 2914! Anayetia saini tarehe kama hiyo hakuja kuchuma arudi kwao. Amekuja kukaa, na wewe utaondoka au utabaki kwa masharti yake.

Masharti yenyewe wazee hapa wanayajua. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota, Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la setla, amfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kulima na kuchunga. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika akavishwa kipande, yaani cheti cha utambulisho, shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, na humo mwajiri ameandika mshahara aliokuwa akimlipa. Mwajiri wa pili anasoma tu, hana haja ya kuuliza. Mbuzi na ng'ombe wa maskwota walipozidi, likaja lile walilolibandika jina la kifagio: mifugo ikafagiliwa mashambani. Aliyenyang'anywa mbuzi atategemea nini kama si mshahara wa bwana? Ardhi, sheria, kodi na kazi ya bei ya chini vilishikana hivyo, kimoja kikikilinda kingine.

Narudia kwamba ni mfumo, kwa sababu hapa Bonde la Ufa tuna wanasiasa wanaopenda kumwita jirani mlowezi. Mwaka 1992, kisha mapema 2008, walichomewa nyumba watu wenye ekari mbili tatu. Wengine walilala kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho, Nakuru hapa hapa. Ranchi kubwa zilibaki na seng'enge zake. Kwa hiyo mtu akiniambia anapinga ulowezi, kwanza namwuliza anamtazama nani: mwenye ekari mbili, au mwenye maelfu?

Na mimi je? Mimi ni mjukuu wa skimu, ule mpango wa kuwauzia Waafrika mashamba ya masetla. Mashamba ya masetla yalianza kununuliwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, zaidi ya ekari milioni moja, kwa fedha za Uingereza na mikopo ya Benki ya Dunia. Masetla walilipwa bei ya soko. Mwafrika akabebeshwa deni la kununua kilichoporwa. Babu yangu alikuwa karani, alikuwa na akiba ya malipo ya kwanza, akapata shamba. Skwota aliyezaliwa kwenye shamba hilohilo hakuwa nayo, akahama na masufuria yake. Karo yangu ilitoka kwenye maziwa ya shamba lile.

Siku hizi kwenye mikutano yetu ya mrengo wa kushoto, ukishasema maneno kama hayo unapigiwa makofi, unaketi, mambo yamekwisha. Mimi yananichosha. Kibarua hapati hata shilingi kutokana na toba yangu ya jukwaani.

Afadhali tutazame watu wawili waliokuwa na nafasi kubwa kuliko yangu.

Desemba 1921 watu wa Nyanza walikusanyika Lundha, Gem, katika vuguvugu lililoitwa Piny Owacho. Walidai mambo mazito: kipande kifutwe, kodi ipunguzwe, watu wapewe hati za ardhi yao, Kenya isiwe koloni. Akaingia Archdeacon Owen, kiongozi wa Kanisa la Anglikana na mmisionari Mwingereza. Alikuwa mtu jasiri. Alipinga waziwazi kazi ya shuruti, na masetla walimchukia. Lakini 1923 vuguvugu lile liligeuka kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, na rais wake akawa Owen mwenyewe. Mazungumzo yakahamia kwenye vyoo, panya na nyumba safi. Vyoo ni vizuri, sibishi. Lakini hati za ardhi zilikwenda wapi? Na mwaka 1932, baada ya dhahabu kupatikana Kakamega, serikali ilibadilisha sheria yake ya 1930, iliyokuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao daima. Ahadi haikufikisha hata miaka mitatu.

Wa pili ni Makhan Singh, Mhindi na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi. Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba kwenye nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, lakini katika ngazi ile ya rangi alisimama juu ya Mwafrika, na familia yake ilikuwa na matbaa. Matbaa ile ilichapisha karatasi za wafanyakazi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilipoundwa 1949, rais alikuwa Fred Kubai. Singh alikuwa katibu, yaani yule anayeandika barua na kukesha. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata akakamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961. Uhuru ulipokuja, hakupewa cheo chochote cha maana.

Mimi nampima mshirika kwa hayo mawili: anakalia kiti kipi, na yuko tayari kupoteza nini. Tukiandamana kwa ajili ya Palestina naandamana nanyi, na tuendelee. Lakini kuna komredi hapa, ananijua na namjua, anayebeba bendera ile Jumamosi, na Jumatatu anamlipa mvunaji wake chini ya kima cha serikali. Akiambiwa wavunaji wanataka chama, anasema wanachochewa. Masetla nao walisema hivyohivyo kumhusu Kubai.

Kwetu tumekubaliana vibarua wa shamba wajiunge na chama, na mazungumzo ya mishahara yafanywe na mtu wao, mimi nikiwa upande wa mwajiri. Ndugu zangu wawili hawajafurahi. Mwaka huu faida itapungua, hilo tunalijua.

Basi, nimemaliza sehemu yangu. Maswali yaanze na wale akina mama waliokaa nyuma, waliotoka kwenye mashamba ya maua. Sisi wa chuo tutasubiri.