Alikuwa Bado Anapumua?

Ndugu wanafunzi, mwili ukitolewa motoni, kabla ya kuuliza nani aliuwasha moto huo, ulizeni hivi: moto ulipomfikia marehemu, alikuwa bado anapumua? Wapo wanaouawa kwanza, kisha nyumba ikachomwa ili kuficha.

Nawaomba muanzie kooni. Ipasueni njia ya hewa hadi chini ya nyuzi za sauti. Mkikuta masizi yamechanganyika na ute na kushuka mpaka mapafuni, huyo alivuta moshi, alikuwa hai. Yakiishia mdomoni na puani, msikimbilie kuamua, kwa sababu mdomo ulioachama hupokea masizi hata kwa maiti. Song Ci, mwamuzi wa China, aliandika habari za majivu mdomoni mwaka 1247, bila hadubini wala maabara.

Kisha pimeni damu. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na asiyepumua haivuti. Ikishika asilimia 50 ya himoglobini, mara nyingi hiyo peke yake inaua. Lakini mvutaji sigara huweza kuwa na karibu asilimia 10 akiwa mzima, kwa hiyo kiwango kidogo kisiwadanganye.

Ngozi naiamini kwa shida. Lengelenge la aliye hai huwa na majimaji yenye protini nyingi na chembe nyeupe za damu, na kingo zake ni nyekundu; la maiti huwa na hewa au maji mepesi. Hata hivyo, aliyeungua dakika chache tu kabla ya kukata roho huenda asioneshe tofauti yoyote.

Linaloniuma zaidi ni ile mikono iliyokunjwa kama ya bondia. Ndugu wa marehemu huiona wakaamini alikuwa akipigana. Sivyo: joto huikaza na kuifupisha misuli, hata ya aliyekufa jana. Ngozi nayo hupasuka ikafanana na jeraha la kisu, na damu ya kahawia hujikusanya chini ya fuvu kwa joto tu, mtu akadhani ni pigo la kichwa. Kwa makosa kama haya asiye na hatia anaweza kufungwa.

Na koo safi? Mlipuko wa ghafla huweza kumuua mtu kabla hajavuta moshi. Hapo tafuteni sababu nyingine ya kifo mwili mzima, na msipoipata, andikeni wazi kwamba haikubainika.