Mwajiri Wangu ni Nani?

SALIM: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Salim, niko na Da Rehema kama kawaida. Leo nina swali linalonikera. Mtu anafanya kazi saa kumi kwa siku, anaumia kazini, halafu ukimuuliza mwajiri wake ni nani, hana jibu. Inawezekanaje?

REHEMA: Inawezekana kabisa kaka, na kwa maoni yangu hapo ndipo sheria za kazi zinapokwama siku hizi. Zilitungwa zikiwafikiria watu wawili wanaojuana, mwenye kiwanda na mfanyakazi. Hata Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipoanzishwa mwaka 1919, vikao vyake vilipangwa hivyo: serikali, waajiri na wafanyakazi, kila upande una kura. Sasa mwajiri akijificha, haki zote zinakosa pa kushika. Likizo utamdai nani? Fidia nayo?

SALIM: Anajificha wapi?

REHEMA: Kwenye karatasi. Chukua kesi ya madereva wa Uber Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Februari 2021. Mkataba uliandikwa kwa ufundi mkubwa. Kampuni ilijiita wakala tu, na dereva akaitwa mfanyabiashara anayejitegemea, eti anakubaliana na abiria mwenyewe.

SALIM: Na majaji?

REHEMA: Waliweka karatasi pembeni wakaitazama kazi yenyewe. Nani anapanga nauli? Kampuni. Nani anaweka masharti? Kampuni. Dereva akikataa safari mara nyingi, programu inamtoa hewani kwa muda. Alama anazopewa na abiria zikishuka, anaweza kuondolewa moja kwa moja. Na mawasiliano yake na abiria yalibanwa ili asije akajitengenezea wateja wake. Huyo ni mfanyabiashara gani asiyeweza kupandisha bei wala kutafuta mteja? Njia yake ya kuongeza kipato ni moja tu, kuongeza saa barabarani.

SALIM: Wakashinda.

REHEMA: Wakashinda. Wakatambuliwa kuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Si haki zote za mwajiriwa kamili, hilo tuliseme wazi. Lakini kipande ninachokipenda zaidi ni cha saa. Kampuni ilitaka zihesabiwe saa ambazo abiria yumo garini tu. Mahakama ikasema hapana, dereva yuko kazini tangu anapowasha programu akiwa kwenye eneo lake na yuko tayari kupokea safari. Kusubiri ni kazi! Muuza duka hakatwi mshahara kwa dakika ambazo mteja hajaingia.

SALIM: Sawa, lakini hiyo ni nchi moja. Na kesi yenyewe ilianza kusikilizwa 2016. Dereva gani ana miaka mitano ya kusubiri?

REHEMA: Ndiyo maana naona Agizo la Umoja wa Ulaya la 2024 limepiga hatua. Dalili zikionyesha kwamba jukwaa, yaani kampuni inayogawa kazi kwa programu ya simu kama Uber, ndilo linaloongoza na kusimamia kazi, inachukuliwa kuwa ni ajira mpaka kampuni ithibitishe vingine. Mzigo wa ushahidi umehama. Na ni haki, kwa sababu kumbukumbu zote za safari, malipo na adhabu anazo nani? Kampuni. Pia uamuzi wa kumfungia mtu akaunti lazima ufanywe na binadamu, usiachiwe mtambo. Nchi wanachama zimepewa hadi Desemba 2026. Na huko Geneva, mkutano wa ILO wa Juni 2025 ulikubali kutunga mkataba kamili wa kimataifa juu ya kazi za majukwaa.

SALIM: Hapo kwenye mikataba ndipo ninapopata shida, dada yangu. Mkataba namba 182, unaopinga aina mbaya kabisa za ajira ya watoto, uliridhiwa na nchi zote wanachama wa ILO mwaka 2020. Zote! Na bado ILO na UNICEF wanakadiria kuwa mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa kwenye ajira ya utotoni. Kuridhia ni jambo moja, mkaguzi kufika shambani ni jingine.

REHEMA: Sikatai. Mkataba wa ILO unaifunga serikali, haumfungi mnunuzi aliyeko bara jingine. Ndiyo maana siachi kuikumbuka Rana Plaza, Bangladesh. Jengo la ghorofa nane lenye viwanda vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilipasuka. Benki iliyokuwa chini ikawaondoa watu wake. Washonaji wakaambiwa kesho waingie kazini, na wengine wakatishiwa kukosa mshahara wa mwezi. Waliingia. Jengo likaporomoka, wakafa zaidi ya 1,100.

SALIM: Mungu awarehemu.

REHEMA: Na baada ya hapo, Salim, wanaharakati walipekua kifusi wakitafuta lebo za nguo, ili wajulikane walioagiza ile kazi. Swali lako la mwanzo lilitafutwa jibu kwenye kifusi.

SALIM: Wanunuzi wakabanwa?

REHEMA: Baadhi. Vyama vya wafanyakazi viliwasainisha makubaliano ya usalama wa majengo yenye nguvu ya kisheria, zaidi ya kampuni 200. Ukikiuka, unapelekwa kwenye usuluhishi The Hague. Mwaka 2018 kampuni moja iliyoshtakiwa huko ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2, nyingi zikiwa za kurekebisha viwanda vilivyoishonea nguo. Mimi hilo naliamini kuliko ahadi za hiari zilizojaa kwenye tovuti za makampuni.

SALIM: Lakini asubuhi ile ya tarehe 24, kabla ya makubaliano yoyote, nani angeweza kukataa kuingia?

REHEMA: Mmoja mmoja, hakuna. Kwa pamoja, labda. Viwanda vile vitano havikuwa na chama cha wafanyakazi hata kimoja.

SALIM: Basi wiki ijayo tuzungumzie mgomo. Waajiri wanadai Mkataba namba 87 wa 1948, ule wa uhuru wa kujiunga na vyama, hauutaji popote, na Novemba 2023 ILO iliamua kulipeleka suala hilo Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

REHEMA: Nitakuja na mkataba wenyewe tuusome kifungu kwa kifungu.